Sahihi iliyotangulia mzigo: barua ya wazi kwa wasimamizi wa usalama wa shehena za ndege

Kwa: Wakuu wa mamlaka za usafiri wa anga, makamishna wa forodha, na wajumbe wa mataifa katika Baraza la Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO)

YAH: USIMAMIZI WA USALAMA WA SHEHENA ZA NDEGE KATIKA MIAKA IJAYO

Waheshimiwa,

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeipitisha katika maghala ya shehena za ndege, kwanza nikiwa karani wa hati, kisha mkaguzi wa mashine ya eksirei, na mwishoni msimamizi wa zamu. Ninawaandikia kwa sababu ya droo moja. Ilikuwa katika ofisi ya wakala wa mizigo ambaye sitamtaja, nilikotumwa kufuatilia hati iliyopungua, na karani aliyenihudumia aliifungua bila wasiwasi wowote, kama mtu anayetafuta kalamu. Ndani yake mlikuwa na kitita cha matamko ya usalama, yaani zile karatasi ambazo kila shehena hupaswa kuambatana nazo ili kuthibitisha kwamba imekaguliwa, nani aliikagua, kwa njia gani na saa ngapi. Zote zilikuwa zimekwisha kutiwa sahihi na kupigwa muhuri. Nafasi ya tarehe ilikuwa tupu, nafasi ya idadi ya vifurushi ilikuwa tupu, lakini nafasi ya njia ya ukaguzi ilikuwa imejazwa kwa mwandiko uleule kwenye kila karatasi. Mizigo yenyewe ilikuwa bado haijafika, na pengine mingine ilikuwa haijafungashwa.

Niliripoti. Wakala akapewa onyo la maandishi, msimamizi wake akaandika barua ya kujieleza, na baada ya wiki chache kazi ikaendelea kama kawaida. Sisemi kwamba kila wakala hufanya hivyo, kwa kuwa nimefanya kazi na wengi ambao wangekataa kupokea mzigo wa ndugu zao wenyewe kama lakiri ingeonekana imelegea. Ninachosema ni kwamba mfumo wote mnaousimamia umeegemea karatasi ile, na kwamba sisi tuliokuwa tukiipokea mwishoni mwa mnyororo hatukuwa na njia yoyote ya kuitofautisha karatasi ya kweli na karatasi ya droo.

Naomba nieleze kwa ufupi jinsi mnyororo huo unavyofanya kazi, si kwa ajili yenu mnaoujua, bali kwa ajili ya wananchi watakaoisoma barua hii. Kiambatisho cha 17 cha Mkataba wa Chicago, ambacho ndicho msingi wa kanuni za ulinzi wa usafiri wa anga duniani, kilipitishwa mwaka 1974, enzi ambazo hofu kubwa ilikuwa utekaji wa ndege za abiria. Shehena ilikuja kuzingatiwa kwa uzito baadaye, na ilipozingatiwa ilionekana mara moja kwamba haiwezekani kufungua kila sanduku pale uwanjani. Ndipo ukajengwa utaratibu wa kuaminiana. Mtumaji aliyeidhinishwa hufungasha bidhaa zake katika eneo lililolindwa, wakala aliyeidhinishwa huzipokea na kuzilinda au kuzikagua, shirika la ndege huzipakia, na kila mmoja humkabidhi mwenzake mzigo pamoja na tamko. Herufi tatu, SPX, zikishaandikwa kwenye hati, mzigo unaruhusiwa kuingia hata katika tumbo la ndege ya abiria, na mara nyingi hakuna atakayeukagua tena. Takriban nusu ya shehena za ndege duniani husafiri kwa namna hiyo, chini ya miguu ya watu wanaokunywa chai na kutazama sinema. Kwa uzito shehena hizo ni chini ya asilimia 1 ya biashara ya dunia, lakini kwa thamani zinakadiriwa kufikia theluthi moja na zaidi.

Utaratibu huo siupingi, na sijawahi kukutana na mtu wa ghala anayeupinga, maana mbadala wake ni kusimamisha biashara. Tatizo langu ni kwamba imani ikishakabidhiwa haijaribiwi. Kila anayepokea hununua mbuzi kwenye gunia, kisha huliuza gunia hilohilo kwa mwingine, na bei ya gunia hupanda kadiri linavyokaribia ndege.

Mwezi Oktoba 2010 vifurushi viwili vilitumwa kutoka Sana'a, Yemen, kwa anwani za masinagogi mjini Chicago, kupitia kampuni mbili kubwa za kusafirisha vifurushi. Ndani ya kila kimoja mlikuwa na printa, na ndani ya katriji ya wino ya printa hiyo mlikuwa na kilipuzi aina ya PETN. Kimoja kilinaswa Dubai na kingine katika uwanja wa East Midlands, Uingereza, na kile cha Dubai kilikuwa kimekwisha kusafiri kwenye ndege za abiria kabla ya kufika hapo. Kinachonikaa kichwani kila ninapolikumbuka tukio lile ni habari ya East Midlands. Wataalamu waliokuwa wamekwisha kukitenga kifurushi chenyewe walikikagua mara ya kwanza wasione kitu, na ni baada ya kupata maelezo ya kilichoonekana Dubai ndipo walipokirudia wakakuta bomu. Hawakufikishwa pale na mashine wala mbwa wa kunusa. Walifikishwa na taarifa za ujasusi kutoka Saudi Arabia, zilizokuwa na namba za kufuatilia vifurushi hivyo.

Miezi michache tu kabla ya hapo, Agosti 2010, Marekani ilikuwa imefikia tarehe iliyowekwa na sheria yake ya mwaka 2007, kwamba shehena yote inayopakiwa kwenye ndege za abiria iwe imekaguliwa kwa asilimia 100. Ilikuwa hatua kubwa na ilistahili pongezi, lakini ilihusu ndege za abiria, wakati vifurushi vile vilikuwa viingie Marekani kwa ndege za mizigo. Kwa upande wa kanuni za kimataifa, ilipofika tarehe 30 Juni 2021 ndipo ICAO ilipoyataka mataifa yahakikishe kwamba shehena za kimataifa kwenye ndege za mizigo nazo zimekaguliwa, au zimetoka kwa mtumaji aliyeidhinishwa na serikali na si aliyejuana tu na wakala. Ilichukua karibu miaka 11. Rubani wa ndege ya mizigo naye ana familia inayomsubiri, na walio katika nyumba zilizo chini ya njia yake hawajui kama ndege inayopita juu yao imebeba watu au makasha.

Jambo jema lililozaliwa na tukio lile ni kutuma taarifa za mzigo kabla haujapakiwa. Marekani ilianza majaribio mwezi Desemba mwaka uleule wa 2010 na ikaufanya utaratibu huo kuwa wa lazima mwezi Juni 2018. Umoja wa Ulaya ulianza na posta na vifurushi vya haraka mwezi Machi 2021, ukaupanua kwa shehena zote za ndege mwezi Machi 2023. Kinachotakiwa si kingi: jina na anwani ya mtumaji, jina na anwani ya mpokeaji, maelezo ya bidhaa, idadi, uzito, na namba ya hati. Wanaopokea taarifa hizo huzipima wakati mzigo ungali chini, upande wa pili wa dunia, na wakiona shaka wanaweza kuomba maelezo zaidi, kuagiza ukaguzi wa aina fulani, au kutoa amri ambayo kila mtu wa ghala huiogopa: usipakie.

Hata hivyo, wavu hunasa kulingana na matundu yake. Nimeona hati zisizohesabika zenye maelezo ya neno moja: "vipuri", "sampuli", "zawadi", "mchanganyiko". Ulaya imetoa orodha ya maneno ya jumla yasiyokubalika, na mfumo huyakataa. Lakini karani mwenye haraka, kompyuta ikimkatalia "vipuri", huandika "vipuri vya mashine" na kompyuta huridhika. Hakuna aliyedanganya, na hakuna aliyejua zaidi ya alivyojua mwanzo. Kama mnataka taarifa hizi zifanye kazi iliyokusudiwa, basi mtumaji wa kwanza, yule aliyelifunga sanduku kwa mikono yake, ndiye anayepaswa kuziandika na kuwajibika nazo. Siku hizi huandikwa na mtu wa nne katika mnyororo, ambaye hajaliona sanduku na anakisia kutokana na bili.

Hapa naomba nitumie faida ya lugha yetu. Kiswahili kinatumia neno moja, usalama, kwa mambo mawili ambayo vitabu vyenu vimeyatenganisha: kumkinga msafiri dhidi ya ajali, na kumkinga dhidi ya mtu mwenye nia mbaya. Jambo la pili limo katika Kiambatisho cha 17, na bidhaa hatari, kama vile betri na kemikali, zimo katika Kiambatisho cha 18. Katika mamlaka nyingi ofisi ni mbili, wakaguzi ni wa aina mbili, na hata mafunzo hutolewa mbalimbali. Tarehe 3 Septemba 2010, wiki chache kabla ya katriji ile kunaswa Dubai, ndege ya mizigo aina ya Boeing 747 iliyoruka kutoka Dubai hiyohiyo ilishika moto sehemu ya mizigo iliyokuwa na betri nyingi za lithiamu, moshi ukaingia kwenye chumba cha marubani, na wote wawili wakafariki. Mwaka 1996, ndege ya abiria ya ValuJet ilianguka Florida na kuua watu 110, kwa sababu ya vifaa vya kuzalisha oksijeni vilivyopakiwa kama mzigo wa kawaida huku hati yake ikieleza kwamba ni mitungi mitupu. Katika mikasa yote miwili hapakuwa na gaidi. Katika ule wa Florida palikuwa na karatasi iliyosema kitu kimoja na sanduku lililobeba kingine, yaani kasoro ileile ambayo gaidi angeitumia.

Miaka 14 baada ya mkasa wa Dubai, ukuta kati ya vitabu hivyo viwili uliungua wenyewe. Mwezi Julai 2024 vifurushi vilivyotumwa kutoka Lithuania viliwaka moto katika vituo vya kupanga vifurushi vya Leipzig, Ujerumani, na Birmingham, Uingereza. Ndani yake mlikuwa na vifaa vya kukandia mwili vilivyofichwa kemikali za kuwasha moto. Waendesha mashtaka na maofisa wa Ulaya wamelihusisha jambo hilo na ujasusi wa kijeshi wa Urusi, na Urusi imekana. Mkuu wa idara ya ujasusi wa ndani ya Ujerumani aliwaambia wabunge mwezi Oktoba mwaka huo kwamba ni bahati tu moto ule uliwaka kifurushi kikiwa chini na si angani. Kwa sisi wa maghalani swali lilikuwa rahisi na la kutisha: tumefundishwa kutafuta vilipuzi, mashine zetu zimethibitishwa kwa vilipuzi, mbwa wamezoezwa vilipuzi, je, ni nani amefundishwa kutafuta kiberiti? Moto ndani ya ndege ya mizigo haupambani na mtambo kama ule wa ndege ya abiria. Kwenye sitaha kuu ya ndege nyingi za mizigo, kinga yenyewe ni kupunguza hewa ili moto ufifie, na moto wa betri au wa metali haufifii kirahisi hivyo. Ninaomba viwango vya ukaguzi vitakavyofuata viutaje moto kwa jina, na wakaguzi wa bidhaa hatari na wale wa ulinzi wakae meza moja, wasome orodha moja.

Kuhusu wingi wa vifurushi sitakawia, kwa kuwa kila mtu anauona. Tume ya Ulaya ilieleza kwamba vifurushi vya thamani isiyozidi yuro 150 vilivyoingia katika Umoja huo mwaka 2024 vilikuwa takriban bilioni 4.6, sawa na kama milioni 12 kwa siku. Havikuja vyote kwa ndege, lakini vilivyokuja kwa ndege vinatosha kuonyesha kwamba dhana ya mtumaji anayejulikana, iliyobuniwa kwa ajili ya viwanda na wauzaji wakubwa, inazidiwa na watumaji wasiohesabika wanaotuma mara moja na kupotea.

Nirudi kwa mkaguzi, kwa maana yeye ndiye ninayemjua zaidi. Usiku mmoja niliitwa kuikagua paleti ya vipuri vya chuma iliyokuwa imezungushiwa nailoni hadi juu ya kichwa changu. Ilikuwa na tamko halali, lakini lakiri moja ilikuwa imekatika njiani, na hivyo ilibidi ikaguliwe upya. Kwenye skrini hapakuwa na picha. Palikuwa na doa jeusi kutoka ukingo hadi ukingo, na kwenye pembe moja tu palionekana kivuli cha mbao za paleti. Kanuni iko wazi kwamba usichokiona usikipitishe: ama ufumue mzigo na kukagua boksi moja moja, ama utumie njia nyingine inayofaa. Tulipangusa nje kwa vitambaa vya kunasa chembechembe za vilipuzi, mashine ikaonyesha safi, lakini kila anayeifanya kazi hii anajua kwamba nje ya nailoni si ndani ya boksi. Kufumua kulihitaji watu wanne na saa mbili. Ndege ilikuwa na dakika 50. Msimamizi wa ghala, mtu mwema ambaye hakuwahi kuniambia nivunje kanuni, alikuja akasimama nyuma yangu, akalitazama lile doa kwa muda, kisha akauliza: "Kwani hati inasemaje?"

Hati ilisema SPX. Niliifumua, na ndege ikaondoka bila mzigo ule. Ndani mlikuwa na vipuri vya chuma, kama ilivyoandikwa. Kwa mwezi mzima baada ya hapo nilijulikana kama mtu aliyemchelewesha mteja, na zamu iliyofuata niliona mwenzangu akiipitisha paleti inayofanana na ile bila kugeuza shingo. Sikumlaumu.

Waheshimiwa, katika vituo vingi vya abiria utaratibu ni kwamba mkaguzi asikae mbele ya skrini mfululizo kwa zaidi ya dakika 20 hivi, kwa kuwa macho huchoka na akili huzoea. Katika maghala ya shehena nimewahi kukaa saa nzima na zaidi, kwa sababu tulikuwa wawili na mwenzangu alikuwa akiendesha foklifti. Mkaguzi wa shehena huajiriwa na kampuni ambayo mapato yake yanatokana na mzigo kuondoka, na hupimwa kwa idadi ya mizigo iliyoondoka. Sijui kazi nyingine ya ulinzi ambapo mlinzi hulipwa kwa mlango kuwa wazi. Kanuni mpya ziseme bayana kwamba mkaguzi anayesimamisha mzigo kwa sababu halali haadhibiwi, kwamba ana mahali pa kuripoti nje ya mwajiri wake, na kwamba mamlaka, si kampuni, ndiyo inayopanga idadi ya chini ya watu kwa kila mashine.

Najua jibu mtakalopewa na wauza mitambo. Watawaambia kwamba programu za kompyuta sasa zinasoma picha vizuri kuliko macho ya binadamu, na kwamba skana zinazopiga picha ya tabaka kwa tabaka zitamaliza tatizo la doa jeusi. Zitasaidia, na ningefurahi kama ningekuwa nazo usiku ule. Lakini msiziidhinishe kwa kuzijaribu kwenye maboksi yaliyopangwa vizuri ya chumba cha maonyesho. Zijaribuni kwa paleti halisi ya saa tisa usiku, yenye chuma, maji, nguo na betri vikiwa vimechanganywa, na kabla hamjasaini, amueni nani atawajibika programu ikisema "safi" na ikawa si safi. Bila uamuzi huo mtakuwa mmeibadilisha karatasi ya droo kwa taa ya kijani.

Liko pia suala la walio ndani, na wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mwezi Aprili 2023, katika uwanja wa Toronto Pearson, mtu alifika na lori kwenye ghala la shehena akaonyesha hati ya kuchukulia mzigo. Kwa mujibu wa polisi, hati hiyo ilikuwa ya shehena ya vyakula vya baharini iliyokuwa imekwisha kuchukuliwa siku iliyotangulia. Akapakiwa dhahabu ya takriban kilo 400, yenye thamani ya zaidi ya dola milioni 20 za Kanada, akaondoka. Polisi waliwashtaki watu kadhaa, wakiwamo waliowahi kufanya kazi katika ghala lenyewe. Ulikuwa wizi tu, na watu huusimulia kwa kicheko. Mimi hauniletei kicheko. Mlango unaomruhusu mtu kutoka na dhahabu kwa karatasi ya samaki unaweza kumruhusu mwingine kuingiza sanduku kwa karatasi ya aina hiyohiyo, na huyo wa pili hatahitaji hata lori.

Ninachowaomba hasa ni kwamba mwanze kuujaribu mnyororo wenyewe. ICAO imekuwa ikizikagua nchi tangu mwaka 2002, na mamlaka zenu huwakagua mawakala na watumaji. Katika Ulaya, kwa mfano, idhini ya mtumaji au wakala huhakikiwa upya kwa kutembelewa angalau kila baada ya miaka mitano. Ukaguzi huo wa kawaida unatangazwa, na ghala linalotarajia wageni hupakwa rangi, makaratasi hupangwa, na aliye mzembe hupewa likizo. Miaka mitano ni muda wa kutosha kwa kampuni kubadili mmiliki, ghala na wafanyakazi wote, na bado ikaendelea kutumia namba ileile ya idhini. Tumeni mizigo ya majaribio, yenye kifaa cha bandia ndani, kutoka kwa mtumaji aliyeidhinishwa hadi mlangoni mwa ndege, bila kumwambia mtu, mara nyingi, kwenye kila njia inayobeba shehena nyingi. Mzigo utakaponaswa, mjue ni hatua ipi iliyounasa. Usiponaswa, mjue ni nani alisaini.

Na tamko la usalama lisiwe tena karatasi. Teknolojia ya tamko la kielektroniki ipo na kanuni za kimataifa zinaliruhusu, lakini maghala mengi bado yanachapisha, yanasaini na kuambatisha kwa pini. Tamko litolewe na mtu aliyetambuliwa kwa jina lake katika mfumo, kwa saa ambayo mashine yenyewe imeiandika, likiwa limeunganishwa na picha ya ukaguzi wa mzigo huohuo. Pasipokuwa na picha, pasiwe na tamko.

Matokeo ya kaguzi nayo yanahitaji kuzungumzwa. Ninaelewa kwa nini ripoti kuhusu udhaifu wa uwanja fulani haibandikwi ukutani. Lakini siri hiyo imetanuka hadi kuwa desturi ya funika kombe mwanaharamu apite: nchi inayopokea shehena haijui vya kutosha kuhusu ghala linaloituma, shirika la ndege halijui kwamba wakala wake ameonywa mara tatu, na wakala aliyefutiwa idhini huibuka kwa jina la binamu yake. Orodha ya waliosimamishwa na sababu zake inaweza kushirikiwa kati ya mamlaka bila kuwaonyesha wahalifu njia. Na jumla ya matokeo ya majaribio, mangapi yalifanyika na mangapi yalinaswa, bila kutaja mahali, inaweza kuchapishwa kila mwaka. Abiria anastahili kujua angalau hilo.

Mtasema fedha ziko wapi, na ni swali la haki, hasa kwa viwanja vidogo vinavyosafirisha maua, samaki na matunda ambayo hayawezi kusubiri. Nitawaambia nilikoziona zikipotea. Tangu mwaka 2014 shirika la ndege linalopeleka shehena Ulaya kutoka nje linatakiwa, kwa vituo vingi, kuwa na uthibitisho wa kila kituo linakopakia, na nchi nyingine kubwa zina utaratibu wake. Nimewahi kuwapokea wahakiki wa aina tatu ndani ya miezi minne, katika ghala moja, wakiuliza maswali yaleyale, wakipiga picha uzio uleule, na kila kundi likilipiwa tiketi na malazi na mwenye ghala. Forodha nayo ina orodha yake ya wafanyabiashara wanaoaminiwa, inayokagua uzio huohuo kwa mara ya nne, na mara nyingi ofisi hizo mbili za serikali moja hazipeani nakala. Mkitambua uhakiki wa mmoja kuwa uhakiki wa wote, pale viwango vinapolingana, fedha zitakazobaki zitalipia majaribio ya kushtukiza ninayoyaomba, na mkulima mdogo hatabebeshwa gharama ya ziada.

Mkutano Mkuu wa ICAO hufanyika kila baada ya miaka mitatu. Wa mwisho ulifanyika Montreal mwaka 2025 na ujao unatarajiwa mwaka 2028. Hakuna haja ya kusubiri hadi hapo ndipo kila mamlaka ianze nyumbani kwake. Mkaguzi mmoja, asiye na miadi, anaweza kuanza kesho asubuhi. Aingie katika ofisi ya wakala yeyote aliyeidhinishwa, asiombe kuona mashine wala uzio, aombe matamko ya usalama ambayo bado hayajatumika, na ayatazame kwenye nafasi ya sahihi.

Wenu katika kazi,

Msimamizi wa zamu mstaafu, shehena za ndege